Bei ya Kweli ya Gari la Baba Yako

Zaina mwanangu,

Bei ya gari niliyowaambia watu wa nyumbani siyo ile niliyoisikia kwenye foni. Niliikata. Sijamwambia mtu wa nyumbani, si babu yako wala mama yako, na hata ninaposali nalizunguka jambo hili kama dereva anayezunguka shimo la barabara. Wewe ndiye wa kwanza kati yetu kuambiwa, ingawa hutaambiwa leo. Barua hii sitaki usomewe na mtu. Itakaa ndani ya begi lako mpaka siku daktari wa Kampala atakapokufungua kitambaa, uone kwa macho yako jinsi herufi zangu zinavyolala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa.

Sasa ni alasiri, na mnaondoka kesho. Mama yako anakunja nguo zako chumbani huku akitaja kila kitu kwa sauti: dawa iko huku, sweta iko huku, usinywe maji ya njiani. Hayo amekwisha kuyasema na atayarudia mpaka mpakani Kasindi, kwa hiyo mimi nayaacha. Nina jambo moja tu, nalo ni refu.

Labda ukiwa mkubwa utashangaa kwamba kijana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari, alikuandikia "mwanangu". Lakini kwetu ndugu wa baba ni baba. Ulipozaliwa nilikuwa na miaka saba. Bibi yako, Mungu amrehemu, aliniweka ukutani ili nisianguke, akakulaza mikononi mwangu, akasema, "Baba mudogo, shika mutoto wako." Niliogopa hata kupumua. Miaka yote lilikuwa jina tu la kuchekesha wageni. Tangu lori la baba yako, kaka yangu Ramazani, lilipopotea kwenye barabara ya Bunia, pamoja naye na msaidizi wake, na asitokee mtu wa kutuletea habari ya kifo wala ya uhai, jina limegeuka kazi.

Unakumbuka shule yako ilipomwita mzazi? Nilikuja na sare yangu, shati jeupe na suruali ya buluu, vitabu kwapani. Mwalimu mkuu aliangalia nyuma yangu akimtafuta mtu mwingine.

"Papa ya Zaina iko wapi?"

"Ni mimi, Madamu."

"Mais weye uko mwanafunzi."

"Ndiyo, Madamu. Niko baba mudogo yake pia."

Alivua miwani, akaivaa tena. "Basi ikala ku kiti, papa."

Wenzangu waliokuwa wakipita dirishani walisikia, na mpaka leo wananiita Papa, hata mwalimu wa hesabu. Lakini siku ile sikucheka, kwa sababu mwalimu mkuu aliniambia kwamba unasoma kitabu kikiwa kimegusa pua, na kwamba maandishi yako yameacha mistari na kutembea popote.

Daktari wa hapa Butembo alikuangalia kwa tochi. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hapa hawana vyombo vya kumtoa kwa mgonjwa mdogo kama wewe, Kampala wanavyo. Kisha akageukia Kifaransa ili usielewe. Alisema jicho la mtu mzima linaweza kungoja, lakini la mtoto bado linajifunza kuona, na likikaa gizani muda mrefu linasahau kazi yake. Hata ukilifungua baadaye, halikumbuki. Niliporudi nyumbani nilifungua vitabu vyangu vyote kutafuta kama alisema kweli, na sikupata, kwa hiyo niliamini.

Hatukuwa na chochote cha kuuza. Hapo ndipo gari lilipofika.

Kabla ya safari ya Bunia baba yako alikuwa ameagiza mzigo Dubai pamoja na wafanyabiashara wenzake, wakijaza kontena moja, kila mtu na kona yake. Tulijua kona yake ingekuwa na springi na mipira ya magurudumu ya lori, kama siku zote. Kasereka, dereva aliyembebea mizigo miaka mingi, alifika Kampala, akapakia kila kitu kilichoandikwa jina la baba yako, akakileta mpaka uani kwetu Mususa. Hakuna aliyekuwa amemwambia afanye vingine.

Lori lilirudi nyuma mpaka kwenye mteremko wa udongo, sakafu yake ikawa sawa na ardhi. Kasereka alivuta turubai. Chini ya turubai kulikuwa na magodoro, na chini ya magodoro kulikuwa na kitu ambacho sijui nikueleze vipi, na mimi ndiye ninayesifiwa hapa nyumbani kwa kujua maneno.

Paa lake lilinifika kifuani. Lilikuwa na milango miwili tu, na nyuma bawa, kama ubao wa kupigia pasi uliosimamishwa kwenye miguu. Mipira yake ilikuwa mipana na mpira wenyewe mwembamba kama soli ya kandambili. Tumbo lilikuwa karibu na ardhi kiasi kwamba kuku wetu mwekundu alijaribu kupita chini, akafikiri, akarudi. Na watu wa Mususa, ambao hawanyamazi hata msibani, walinyamaza.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa fundi Kambale, jirani yetu, yule anayeimba besi kanisani na kurekebisha pikipiki.

"Sasa hii inabeba nini?"

"Bantu babili," Kasereka akajibu.

"Na mizigo?"

"Mizigo hapana."

"Donc iko kiti."

"Kiti yenye kuwa na moteri, ndiyo."

Watu walicheka. Kisha Kasereka akaingia, akageuza ufunguo, na kicheko kikakatika. Haikuwa kelele kubwa. Lori la zamani lina kelele kubwa zaidi. Ilikuwa sauti ya kitu kinachojizuia. Nilihisi udongo ukitetemeka ndani ya viatu vyangu. Wewe ulitoka jikoni ukishika ukuta.

"Baba mudogo, ni nini inapumua?"

Nilikuleta mpaka kwenye mlango wake. Ulilaza shavu lako juu ya chuma, ukakaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyekukataza.

"Iko rangi gani?"

Nilianza kusema buluu, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesogea kidogo na haikuwa buluu tena. Ilikuwa zambarau. Nikainama, ikawa na kijani ndani. Nilikuambia ni kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Ukasema hujaona mafuta juu ya maji siku nyingi. Nikasema ni kama tumbo la inzi mkubwa, na ukacheka kwamba gari zuri namna hii linafananishwaje na inzi. Nilishindwa, Zaina. Nilibaki nimesimama juani, nimeshika mkono wako, na kitu mbele yangu ambacho Mungu alimruhusu mtu kukitengeneza, na sikuwa na neno la kukupa.

Baadaye nilifikiri sana kuhusu bei. Wewe umezaliwa Butembo, unajua tunavyoishi. Chumvi ikitoka pwani ni rahisi, ikifika Kampala imepanda, ikivuka Kasindi imepanda tena, na ikiingia Kasugho msituni mtu anaifunga kwenye kitambaa. Kila kilomita inaongeza kitu. Gari lile lilikuwa kitu cha kwanza nilichoona ambacho kwa kila kilomita ya kuja kwetu kilipoteza bei. Lilikuwa limetengenezwa kwa barabara ambayo sisi hatuna. Kutoka getini kwetu mpaka kwa Kambale tu lingeacha tumbo lake kwenye mawe.

Na hakuna aliyejua baba yako alilinunua kwa kiasi gani, wala kwa nini. Mtu aliyenunua springi maisha yake yote.

Ofa zilianza siku ileile. Kambale alitaka injini peke yake, apeleke Kasugho kwenye mashine ya kusaga muhogo.

"Papa Abedi, hii moteri itasaga Kasugho yote mu asubuyi moja."

"Itakusaga na weye," babu yako akasema.

"Nakupa mbuzi kumi na viti yake unabakia nayo."

"Nikalishe nani? Miye niko na kiti."

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa kutoka mtaa wa Kimemi alitoa ng'ombe wawili. Alitaka kuliweka mbele ya duka lake ili maharusi wapigie picha. Babu yako alimshukuru, akamnywesha chai, akamsindikiza. Halafu aliniita barazani. Unamjua babu yako anavyokaa pale, miguu imekataa, uso umeelekea getini, akisikiliza kila lori linalopita.

"Hii iko kitu ya mwanangu. Siuzishe kama chuma. Kwanza tujue Kampala banasema ngapi. Weye ndiye unajua Kingereza."

Wakala wa Kampala, yule aliyekuwa akipokea mizigo ya baba yako, hakuzungumza Kiswahili vizuri. Nilikwenda kwenye chumba cha foni, Kimemi, ile redio kubwa ambayo wafanyabiashara wote wanapanga foleni kuongea nayo na miji ya mbali. Mara ya kwanza hakutoa bei. Alitoa maswali. Kuna kibati cha namba chini ya boneti? Namba ya injini inafanana nayo? Ndani ya buti kuna alama za kuchomelea? Rangi ni ileile ya kiwandani? Aliniambia magari kama hayo yalitengenezwa machache, kisha wakaacha, na anayejua anaangalia kovu kabla ya kuangalia uzuri.

Unakumbuka asubuhi ile tulipolikagua wewe na mimi? Namba zilifanana. Buti lilikuwa safi. Mimi nilizunguka nikiangalia rangi, sikuona kitu. Wewe ulizunguka na vidole. Ulianza kwenye taa ya mbele, ukaja polepole, macho umefumba kwa sababu ulisema kufumbua kunakuchanganya. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto ulisimama.

"Hapa ngozi yake iko ingine."

Niligonga kwa kidole. Sehemu nyingine zililia kama sufuria. Pale palilia kama ubao. Mtu aliwahi kuligonga, likazibwa na kupakwa upya, kwa ustadi ambao ungemdanganya kila mwenye macho.

"Sasa nimwambie au ninyamaze?" nilikuuliza. "Akijua atapunguza."

"Umuambie. Kwani bantu ya Kampala habana vidole?"

Nikamwambia. Kwa hiyo ujue kwamba mimi si mtu wa kudanganya bei kwa tabia.

Siku ya pili ya foni babu yako alinipa onyo moja. Watu wetu hawataji fedha hewani, kwa sababu kila chumba cha foni kutoka Kasindi mpaka Bunia kinasikia. Wanataja mifugo. Ng'ombe ni kiasi fulani, mbuzi ni kiasi fulani, na kila familia ina hesabu yake. "Useme na ng'ombe," alisema. "Usisahau." Nilisahau. Hapana, sikusahau, nilipuuza. Kiingereza nimejifunza peke yangu katika kitabu kisicho na jalada, na sikuwa nimewahi kumpata mtu wa kunijibu. Pale foni, nyuma ya pazia, wafanyabiashara wakisubiri zamu na wasielewe hata neno, nilijiona nimejenga ukuta wangu mwenyewe. Ng'ombe wa nini tena? Nilitaja fedha wazi, naye akazitaja wazi. Sikukumbuka kwamba askari waliokaa Beni tangu vita hivi vianze wametoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Kampala, na Kiingereza wamekisoma shuleni, na foni wanazisikiliza kama wengine wanavyosikiliza nyimbo.

Bei aliyoitaja ilikuwa malori mawili. Si mapya, lakini mazima, pamoja na mipira. Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimeshika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, na mbele yangu niliona mabati mapya juu ya kila nyumba ya njia yetu.

Halafu akaniambia mengine. Baba yako alilipata kwa bei ndogo Dubai kwa sababu ya lile kovu, na alikuwa amemwambia wakala, "Hii haivuki mpaka." Lilitakiwa kubaki Kampala. Mnunuzi wa kitu kama hiki yupo, alisema, lakini ni mmoja mmoja, na hana haraka. Ukimngoja miezi, labda mwaka, anakupa malori mawili. Ukimwendea wewe unahema, anakupa anachotaka. Na gari lazima liwe Kampala, na karatasi ya mauzo iwe halali.

Nilitembea kutoka Kimemi kurudi Mususa kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inaanza. Ninakuandikia kile nilichofikiri, bila kukipamba. Akilini nilimwona babu yako barazani akiisikia ile bei. Malori mawili. Uhai wa nyumba hii umekuwa lori, na lori limechukua mwanawe. Angesema tungoje. Angesema vita vitapoa, njia itafunguka, mnunuzi atakuja. Angesema hivyo kwa upendo, na kwa haki, na sisi wote tungekaa tunangoja, na jicho lako lingekuwa linasahau. Nilipofika getini nilikuwa nimelowa na nimeshaamua.

"Banasema ngapi?"

Nikataja theluthi yake. Kwa ng'ombe, safari hii.

"Ile tu?"

"Ile tu, baba. Juu ya kovu."

Nililitumia kovu uliloligundua wewe kwa ukweli, nikaliegemeza uongo wangu. Alisema basi, yeyote atakayetoa hiyo, tutauza.

Komanda wa askari wale alikuja kutoka Beni baada ya swala ya adhuhuri, na pikapu moja na askari wawili ambao aliwaacha getini. Watoto walikimbia. Mama yako alikuvuta ndani. Yeye alivua kofia, akamwamkia babu yako shikamoo kwa Kiswahili kizuri, akakaa alipoonyeshwa. Kisha akaliona gari uani, akainuka tena bila kuaga. Alilizunguka polepole, mikono nyuma, kama watu wanavyotembea msikitini. Aliporudi alikuwa na uso wa kijana.

"Mzee, unauza bei gani?"

"Uulize huyu. Ndiye anajua."

Komanda alinigeukia, akauliza kwa Kiingereza, bila haraka: mtu wa Kampala alikuambia kiasi gani? Nilielewa mara moja kwamba alikuwa amesikia kila neno. Nikamjibu kwa Kiingereza bei ya kweli.

"Anasema nini?" babu yako akauliza.

Nikatafsiri theluthi.

Komanda alikuwa anasikia lugha zote mbili, Zaina. Nilikuwa nimesimama kati yao na uongo wangu mkononi, na kila mmoja angeweza kuuona, ila mmoja hakuwa na Kiingereza. Aliniangalia. Kisha akamwambia babu yako kwa Kiswahili, "Ndiyo, mzee. Ni hiyo." Na kwangu: "Nionyeshe injini."

Chini ya boneti aliongea kwa sauti ndogo.

"Kijana, unamwibia mzee wako?"

"Hapana, afande."

"Sasa ni nini?"

Nilimweleza. Macho, daktari, neno lile la kusahau. Sijui nilitumia lugha gani. Aliweka kiganja juu ya injini na kukiacha pale.

"Unajua naweza kuichukua bure?"

"Najua, afande."

"Niambie basi kwa nini nisichukue."

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo na mwalimu yeyote. Mimi ni yule ambaye darasani nainua mkono na kuushusha. Lakini jibu nilikuwa nalo, kwa sababu nilikuwa nimelisoma gari lile siku nyingi kuliko kitabu chochote.

"Ungekuwa umechukua pikapu, afande, hakuna ambaye angejua. Pikapu zinafanana. Hili liko peke yake. Wakala ana namba yake na jina la mwenyewe, na kila anayelitaka Kampala atamuuliza yeye. Likiwa la kuchukuliwa, ni la kuficha. Likiwa na karatasi yenye dole gumba la mzee, ni malori mawili."

Alipangusa vumbi juu ya injini kwa kidole. Kisha alicheka, si kwa ubaya.

"Na wewe unataka nini?"

"Ile bei niliyomwambia mzee. Na nafasi mbili kwenye lori lako, mama na mtoto, mpaka mlango wa hospitali. Wao washuke kwanza, gari baadaye."

"Washuke kwanza."

"Ndiyo, afande."

"Wewe ni mfanyabiashara mbaya sana," alisema, akafunga boneti taratibu kwa mikono miwili.

Alilipa keshoye, hapa uani, mbele ya watu. Babu yako aliweka dole gumba. Kambale hajapona mpaka leo. Anasimulia kila duka: "Miye Kambale nimeona na macho yangu, askari analipa. Sasa ata nikikufa hakuna neno." Mtaa mzima unamwita yule komanda mtu wa haki, na sisi watu wenye bahati. Ni wawili tu tuliojua kwamba alinunua malori mawili kwa bei isiyofika lori moja.

Hivi ndivyo ilivyo. Kesho utapanda lori lake, na gari litakuwa nyuma yenu chini ya turubai, na hakuna kizuizi kitakachowasimamisha. Kama baba yako yu hai, nimeuza mali yake chini ya bei na nitamjibu. Kama amekufa, nimeuza mali ya yatima, na yatima ni wewe, na unajua tulivyofundishwa kuhusu mtu anayegusa mali hiyo. Nilinunua macho yako kwa fedha yako mwenyewe bila kukuuliza. Hata sijui kama yatapona. Usinishukuru ukiyapata, na usipoyapata pia una haki ya kunidai.

Nilikuwa nadhani bei imo ndani ya kitu, kama uzito, na mwenye kusoma sana ataitoa. Nimeitafuta kwa vidole vyako, kwa foni, kwa Kiingereza. Gari lile lilikuwa mbuzi kumi kwa Kambale na malori mawili kwa mtu mmoja asiye na haraka, na lilikuwa gari lilelile, limesimama palepale, linabadilika rangi. Bado linanishangaza. Nikipita uani naligusa.

Hapa niliweka kalamu chini. Niliisoma barua tangu mwanzo, nikaona kwamba nimemwambia siri yangu mtu mmoja tu duniani asiyeweza kuisoma, na nimeita hilo kukiri. Kwa hiyo niliinuka, nikaenda barazani. Nakuandikia yaliyotokea.

Nilimwambia babu yako kwamba bei ya Kampala ilikuwa malori mawili. Hakugeuka.

"Ule mukubwa wa askari hakubishana," alisema. "Tangu ujana wangu nanunua na kuuzisha. Sijaona mununuzi hapana bishana."

"Ulijua, baba?"

"Nilijua iko kidogo. Ngapi, hapana." Akafikiri. "Mupya?"

"Hapana mupya. Nzima, na mipira."

Alisugua magoti yake. Lori moja lilipita barabarani, akalisikiliza mpaka likaisha.

"Ramazani akirudi utamuambia weye mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Miye ile saa nitakuwa musikiti."

Kisha akanyoosha mkono nimwinue. Tulikwenda uani, yeye akiegemea bega langu. Siku ya kulishusha, ubao ulikuwa umelikwaruza gari chini ya mlango, na ganda moja la rangi, dogo kama ukucha wako, lilikuwa limeinuka. Nilichuchumaa, nikaanza kulibandua ili nilitie ndani ya barua hii, uligeuze juani, uone kile nilichoshindwa kukuambia.

"Ile iko ya mununuzi sasa," babu yako akasema.

"Najua, baba."

Alishika fimbo yake, akageuza uso kuelekea getini. Nikaendelea kubandua.